Mnandi si Bata

Kama unaishi kando ya Ziwa Victoria, bila shaka umemwona ndege mweusi anayepiga mbizi. Wengi humwita bata wa ziwani. Sivyo. Huyu ni mnandi.

Utamtambuaje? Tazama mdomo. Mdomo wa bata ni bapa. Mdomo wa mnandi ni mwembamba, na ncha yake imepinda kama ndoana. Tazama na miguu. Bata ana vidole vitatu vilivyounganishwa kwa ngozi. Vidole vya mnandi vimeunganishwa vyote vinne. Miguu hiyo ndiyo makasia yake chini ya maji.

Mnandi akikamata samaki humleta juu. Humgeuza, akammeza kwa kuanzia kichwani, ili miiba isimkwame kooni. Manyoya yake hulowa, na kulowa huko humsaidia kuzama. Kisha hukaa juu ya jiwe au mti, akakunjua mabawa yakauke juani.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Siku moja wavuvi walisema darasani, "Mnandi ni mwizi. Anamaliza samaki wetu. Tukate mti wenye viota vyake." Mama mmoja, mchuuzi wa dagaa, akauliza, "Mnandi alikuwapo tangu enzi za babu zetu. Mbona samaki walikuwa wengi?"

Watu walinyamaza. Ndipo tukaandika ubaoni mambo yanayopunguza samaki. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akala furu wengi sana. Sumu huua wakubwa na wadogo. Kokoro hukokota samaki wachanga na kuvuruga mazalio. Ni kweli, mnandi hudokoa samaki wavuni, na hilo linaudhi. Lakini yeye humeza mmoja mmoja. Tena mara nyingine hunaswa humo humo, akafa maji.

Mti haukukatwa. Wavuvi wengine sasa humtumia mnandi kama kiongozi: wakizama wengi pamoja, hapo pana samaki. Lakini makokoro, ingawa sheria inayakataza, bado yanavutwa usiku. Mwizi huyo hana mabawa. Tunamjua kwa jina, na mara nyingi ni jirani yetu. Tuanze naye.

Maswali

1. Miguu ya mnandi na ya bata inatofautianaje?
2. Kwa nini mnandi hukunjua mabawa juani?
3. Kijijini kwenu, ni nani anayemaliza samaki? Mtafanya nini?