Mlango wa Kutokea

Kila mapatano yana milango miwili. Mlango wa kuingilia ni mpana, nao una mtu wa kukukaribisha kwa tabasamu. Mlango wa kutokea aghalabu ni mwembamba, na maandishi yake ni madogo. Napenda kusema nawe habari za mlango huu wa pili, kwa kuwa unakaribia umri wa kutia sahihi.

Katika Ulaya watu wengi hufungamana na kampuni ya simu kwa mwaka mmoja au miwili, na atakaye kutoka mapema huweza kutozwa faini. Kwetu Kenya wengi hununua muda wa maongezi kwanza, ndipo wakazungumza. Laini haimfungi mtu. Tangu Aprili 2011 aweza hata kuhama kampuni na kubaki na nambari yake. Mnyororo wetu umo katika chombo chenyewe. Mwaka 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja alitoa shilingi 1,000 za kwanza, kisha shilingi 20 kila siku. Kampuni nyingine nazo huuza simu kwa njia kama hiyo. Watu ambao wasingaliweza kulipa kwa mkupuo wamepata simu nzuri, na hilo ni jema. Lakini ndani ya simu hizo mna programu ya kuzifunga malipo yasipofika, na kubadili laini hakuzifungui. Simu yenyewe ndiyo rehani ya deni lake.

Hapa mtaani kwetu Jericho, jirani yangu auza mboga. Alichukua simu kwa kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, kwa shilingi 3,000 za kwanza na 65 kila siku kwa siku 365. Jioni moja mvua iliwafukuza wateja, asilipe. Alfajiri simu ilikuwa imefungwa, na mtu wa kumletea sukuma kutoka Marikiti hakuweza kumpata. Siku ile aliketi mbele ya meza tupu.

“Mwalimu,” aliniambia, “mimi sikatai kulipa. Nataka kutoka. Je, mlango upo?”

Mkataba ulikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imefungwa! Alilipa kwanza, ndipo tukausoma. Tulichukua kalamu tukahesabu. Malipo yote yalikuwa shilingi 26,725. Dukani simu ile iliuzwa 15,000 taslimu. Kwa siku 100 alikuwa amekwisha toa 9,500, na zilibaki 17,225. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni vema kuuliza ni kibaba cha nani.

Njia zilikuwa nne. Kuendelea, na kuogopa kila wingu. Kuirudisha simu, na kupoteza vyote alivyotoa. Kumpa fundi wa mjini aivunje kufuli kwa siri. Hiyo aliikataa mwenyewe, maana kufuli huvunjika na deni likabaki. Njia ya nne ilikuwa katika ukurasa wa mwisho: alipaye baki lote kwa mara moja hupunguziwa. Hakuna aliyemwambia. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba shilingi 13,000 zatosha.

Zamu yake ya chama ilikuwa imefika. Fedha zile alizikusudia kununua turubai jipya la kibanda. Alifikiri siku mbili, akalipa deni. Aliokoa 4,225; hata hivyo simu ilimgharimu jumla ya 22,500. Mvua za Aprili zilimkuta na turubai lake la viraka, lakini simu ililia kila alfajiri.

Wazee walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Mimi sikukatazi kukopa, kwa kuwa kwa maskini mkopo mwema ni ngazi. Nakuomba uulize maswali matatu kabla ya kukubali: Jumla ya malipo yote ni kiasi gani? Nikikosa siku moja, nini kitatokea? Nikitaka kutoka kabla ya wakati, nitalipa nini na nitapunguziwa nini? Kuuliza hivyo si ujeuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi kikamilifu kile anachonunua. Mwuzaji mwaminifu hatachukizwa na swali. Na akichukizwa, basi amekwisha kukujibu.

Shilingi ya leo ni ndogo, lakini ahadi ya mwaka mzima ni kubwa. Mwenye hekima hutazama mlango wa kutokea akiwa bado amesimama nje.