Mirpur, mji unaoibuka maji yakipungua

Miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla theluji ya milimani haijaanza kuyeyuka, maji ya bwawa la Mangla hushuka. Kinachotangulia kuonekana ni ncha ya hekalu la Wahindu, imesimama peke yake kama mlingoti wa jahazi lililozama. Maji yakizidi kupungua hutokea kuta, misingi ya nyumba na makaburi. Hapo watu wa Mirpur, katika sehemu ya Kashmir inayoshikiliwa na Pakistan, huteremka kwa miguu juu ya tope lililokauka, wakapita mitaani kwa babu zao. Wengine huzuru makaburi ya mawalii na kuwaombea dua wazee wao. Wengine huja na watoto tu, waone.

Wenye hekalu hawaji. Wako Jammu, upande wa India, na wengi wa wajukuu wao hawajawahi kuukanyaga mji huu, ingawa wamesimuliwa habari zake tangu wakiwa wadogo.

Mirpur ya leo imejengwa juu, kando ya ziwa. Ni mji wenye pesa kuliko mgeni anavyotarajia: majumba makubwa ya ghorofa, mengine yamefungwa mwaka mzima kwa sababu wenyewe wako Bradford au Birmingham. Bwawa lilipojengwa kwenye mto Jhelum, kati ya 1961 na 1967, watu zaidi ya 100,000 walihamishwa, na wengi wakapata vibali vya kwenda kufanya kazi Uingereza. Fedha wanazotuma ndizo zilizoujenga mji mpya. Kwa hiyo mtoto wa Mirpur akiuliza mji wa zamani uko wapi, jibu jepesi lipo: uko chini ya maji, serikali ilijenga bwawa.

Jibu hilo ni la kweli, lakini linaanzia katikati. Maji yalipofika, mji ulikuwa umeshapoteza watu wake wengi miaka 20 nyuma.

Kabla ya 1947 wilaya ya Mirpur ilikuwa ya Waislamu kwa wingi, lakini mjini wengi walikuwa Wahindu na Wasikh, wale ambao huku kwetu tumezoea kuwaita Makalasinga. Wakulima wa vijijini waliuza mazao na kukopa kwa wenye maduka wa mjini. Walizungumza lugha moja, Kipahari. Uhusiano wao haukuwa wa asali tupu: mkulima mwenye deni humtazama mwenye duka kwa jicho lake. Lakini walijuana kwa majina.

Agosti 1947 Uingereza iliondoka na India ikagawanywa. Mtawala wa Jammu na Kashmir, Maharaja Hari Singh, alikuwa Mhindu mwenye raia wengi Waislamu, na hakuamua upesi ajiunge na nchi ipi. Waislamu wa Poonch wakamwasi. Wahindu na Wasikh waliofukuzwa Punjab ya magharibi wakakimbilia Mirpur, mji ukafurika. Oktoba 22, wapiganaji wa makabila ya Pashtun waliingia Muzaffarabad kutoka upande wa Pakistan. Siku chache baadaye walikuwa Baramulla, ambako hata hospitali ya misheni haikusalimika. Oktoba 26 Maharaja alitia saini kujiunga na India, na kesho yake ndege zikaanza kushusha askari wa India Srinagar.

Srinagar iliokolewa. Mirpur ilibaki imezingirwa, na ikaanguka Novemba 25.

Watu walitoka mbio kuelekea Jhangar, wazee na wenye watoto wachanga wakiachwa nyuma kadiri mwendo ulivyozidi. Waliouawa siku zile ni maelfu, na hesabu hutofautiana kutegemea nani anahesabu. Waliokamatwa walipelekwa Alibeg, ambako gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, iligeuzwa kuwa kambi ya mateka. Shirika la Msalaba Mwekundu ndilo lililowatoa waliokuwa bado hai, mwaka 1948.

Katika familia zilizofika Jammu, simulizi zina utaratibu wake. Wanaume husimulia safari: njia, baridi, njaa, nani alibebwa mgongoni. Wanawake husimulia kidogo sana. Wapo waliojitupa visimani au kunywa sumu wasishikwe, na hao hutajwa kwa heshima, kama mashujaa. Waliochukuliwa wakaishi hawatajwi. India ilitunga sheria mwaka 1949 ya kuwatafuta na kuwarudisha waliotekwa, na Pakistan nayo ilikubali kurudisha wa upande wake. Baadhi yao walirudishwa bila kuulizwa kama wanataka, wakawaacha watoto waliowazaa huko. Mwandishi Urvashi Butalia, aliyekusanya simulizi za wanawake wa wakati ule, alikuta kwamba ndani ya nyumba nyingi jambo hili lilikuwa halijazungumzwa kabisa. Watoto walikua wakijua kwamba kuna shangazi ambaye haulizwi habari zake.

Kuna jambo jingine ambalo halisimuliwi mezani, na hili ni gumu zaidi kwa sababu halihusu aibu ya nyumba moja. Jammu, mji uliowapokea wakimbizi wa Mirpur, ulikuwa umetoka kuwafukuza Waislamu wake. Novemba 5 na 6 mwaka ule ule, familia za Kiislamu ziliambiwa zipande magari zipelekwe Sialkot, Pakistan, kwenye usalama. Misafara ilishambuliwa njiani. Hao nao waliuawa kwa maelfu, na wasichana wao nao walichukuliwa. Nyumba walizoziacha zilipata wenyeji wapya, kama zilivyopata nyumba za Wahindu upande wa pili.

Ndiyo maana kalenda ni mbili. Jammu hukumbuka Novemba 25, na kuna mnara wa ukumbusho wa watu wa Mirpur mjini humo. Upande wa Pakistan hukumbuka Novemba 6. Kati ya tarehe hizo kuna siku 19 tu, lakini ni nadra mtoto kusimuliwa zote mbili na mzazi mmoja. Bibi anaposema “walitufanyia hivi”, mjukuu hana njia ya kujua kwamba ng'ambo ya pili kuna bibi mwingine anayesema maneno yale yale. Akisikia kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa, mara nyingi hudhani ni uongo.

Habari hizi hazina umbali mkubwa na Afrika Mashariki. Makhan Singh, mpigania haki za wafanyakazi wa Kenya, alizaliwa mwaka 1913 Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, ambayo leo ni Pakistan. Ziko familia za Wasikh, Nairobi na Kisumu, ambazo kijiji cha babu kilijikuta upande usio wao bila wao kuwapo.

Mwaka 2005 mabasi yalianza kuvuka mpaka kati ya Srinagar na Muzaffarabad, na mwaka uliofuata kati ya Poonch na Rawalakot. Ndugu waliotenganishwa walikutana, wengine baada ya miaka karibu 60. Mwaka 2019 safari zilisimama. India iliamua kuzilipa familia 36,384 za wakimbizi wa 1947 na wa vita vya 1965 na 1971 rupia 550,000 kila moja, na bunge la Jammu na Kashmir likawa na viti 24 visivyokaliwa, vya maeneo yaliyo ng'ambo.

Kinachovuka siku hizi ni video. Maji yakishuka, vijana wa Mirpur huteremka na simu zao, hupiga picha hekalu, gurdwara na misingi ya nyumba, wakaziweka mtandaoni huku wakieleza kwa Kipahari. Upande wa pili huzitazama. Mzee aliyetoka Mirpur akiwa mtoto anaweza kukaa leo Jammu na mjukuu wake, akamwambia asimamishe picha, arudishe nyuma kidogo, pale kwenye ngazi, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo cha simu akitafuta kisima kilipokuwa.