Kanyagio Linalosukuma Mguu

Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikihangaika na bajeti na katiba watanivumilia, kwani leo nataka kuandika juu ya gari. Si gari langu. Ni Chrysler New Yorker ya mwaka 1958, mali ya mzee aliyenipangisha chumba nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika jimbo la Indiana, Marekani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mgane, na gari lile alilitunza kama watu wa kwetu watunzavyo msahafu wa babu. Hakulitoa nje siku ya mvua, wala hakuruhusu mtu kuingia humo na chakula.

Jumapili moja akanipa funguo. Kwenye dashibodi kulikuwa na kirungu cha kuzungusha, chenye tarakimu za kasi. Akaniambia nikiweke kwenye maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, kisha niendeshe kama kawaida. Nilipofikia kasi ile, kanyagio la mafuta likaanza kunipinga. Halikukwama, lilisukuma. Chini ya soli ya kiatu nilihisi kitu kama kiganja cha mtu kinachonirudisha taratibu. Kama ningetaka kulipita gari la mbele, ningekanyaga kwa nguvu zaidi na injini ingetii. Lakini nisingeweza kufanya hivyo bila kujua kwamba nafanya. Kisha akanionyesha namna ya kuufunga mtambo, na gari likashika mwendo lenyewe, mguu wangu ukiwa umepumzika sakafuni. “Sasa gusa breki,” akasema. Niligusa kidogo tu, na mtambo wote ukaachia papo hapo.

Huo ndio mtambo wa kushika mwendo ambao leo huitwa kruzi kontroli, na ambao magari ya siku hizi huuficha nyuma ya kitufe kimoja cha usukani. Chrysler ndio waliouweka kwanza katika magari yanayotoka kiwandani, mwaka 1958, kwa jina la Auto-Pilot. Cadillac wakafuata muda mfupi baadaye, na jina walilolichagua wao ndilo lililodumu. Miaka hiyo ulikuwa ni anasa ya wenye uwezo. Ni baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, na sheria ya mwaka uliofuata iliyowafunga Wamarekani kwenye maili 55 kwa saa, ndipo watu wa kawaida walipoanza kuuona kama njia ya kubana matumizi.

Mvumbuzi wake, Ralph Teetor, alikuwa kipofu. Sisemi kwa fumbo. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitano, baada ya ajali ya kisu. Alizaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, Indiana, akasoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akasaidia kutatua tatizo la kusawazisha rota za injini za mvuke za meli za kivita, kazi iliyohitaji kuhisi mtikisiko ambao jicho halikuwa na habari nao. Mwaka 1936 chama cha wahandisi wa magari nchini mwake kilimchagua kuwa rais wake. Baadaye aliongoza kiwanda kilichotengeneza ringi za pistoni. Ninayataja haya kwa sababu tumezoea kumsimulia mtu mwenye ulemavu kama muujiza, au kama mzigo, na Teetor hakuwa hivi wala vile. Alikuwa mhandisi.

Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alikuwa akipanda gari na wakili wake, na wakili huyo alikuwa na tabia moja: akizungumza anapunguza mwendo, akisikiliza anauongeza. Gari lilikwenda kwa kushtuka-shtuka, na dereva mwenyewe hakuwa na habari. Aliyekuwa na habari ni abiria, aliyekuwa anarushwa mbele na kurudishwa nyuma bila kuweza kuona barabara imsaidie kujiandaa. Kisa hiki nimekirudia mara nyingi darasani, maana hakuna mfano ninaoujua unaoeleza vizuri zaidi kwa nini anayetawaliwa huifahamu tabia ya utawala kuliko mtawala mwenyewe.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Tangu mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha maili 35 kwa saa ili kuokoa matairi, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameteka nchi za Asia zilikotoka shehena kubwa za mpira. (Uhaba huohuo ulifika kwetu Tanganyika kwa sura nyingine: mashamba ya mpira ya enzi za Wajerumani, yaliyokwisha kutelekezwa, yalifufuliwa, na watu wakapelekwa kuyahudumia kwa shuruti. Historia ya magari ya wenzetu ina vipande vyake huku.) Teetor aliishughulikia fikra yake kwa miaka, akapata hataza mwaka 1950. Hati ile inakieleza kifaa chake kuwa cha kudhibiti mwendo kwa kukinza kanyagio la mafuta. Kukinza, si kuendesha.

Kiini cha mtambo ule wa kwanza ni cha kale. Waya unaozunguka kutoka kwenye giaboksi huzungusha vizito viwili vidogo. Gari likienda kasi, vizito hutanuka kwa nje, na kutanuka huko huamuru mota ndogo ya umeme ikaze au ilegeze. James Watt alitumia wazo hilo kwenye injini yake ya mvuke mwishoni mwa miaka ya 1780. Waingereza walikiita kifaa hicho gavana, na neno hilo lina asili moja na neno lao la serikali, huko Kigiriki lilikomaanisha kushika usukani wa chombo. Sisi tumelipata neno serikali kutoka Kiajemi, mkuu wa kazi. Pengine ndiyo maana wakubwa wetu hupenda kuonekana wanasimamia kazi kuliko kuulizwa chombo kinakwenda wapi.

Wakenya hawakuhitaji somo hili la isimu. Tangu kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004, zilizoziwekea matatu kikomo cha kilomita 80 kwa saa, wanakiita kidude hicho spidi gavana, na wanajua pia jinsi kinavyochezewa. Huku kwetu mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho hulia dereva akizidisha.

Mwaka jana nilipanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Baada ya Mikumi kifaa kilianza kulia. Kikalia, kikalia, mpaka kondakta akainama chini ya dashibodi akafanya alichofanya, na kimya kikaingia. Nililiona tendo lile kwa macho yangu, kiti cha tatu. Nimeandika makala zisizopungua kumi juu ya uwajibikaji. Nikafungua simu yangu nikasoma habari.

Aliyesema ni mama mmoja mtu mzima, nyuma yangu, ambaye kwa alipokaa hakuweza kuona dashibodi. “Mwanangu, hicho kilichokuwa kinalia mmekifanya nini?”

“Mama, tulia tu, utafika.”

“Sijauliza kufika. Nimeuliza kilichokuwa kinalia.” Kisha akanigusa begani. “Na wewe baba mwenye miwani, hukusikia?”

Nilisema nimesikia. Basi zima likageuka kunitazama, na sikuongeza neno. Lakini abiria wengine wawili watatu wakadakia, sauti zikapanda, na dereva akapunguza mwendo, kondakta akiwa amenuna mlangoni.

Mama yule aliteremka Ruaha Mbuyuni, wanakouza vitunguu. Nilimsaidia kushusha kapu lake, akanishukuru kwa heima ambayo sikuistahili. Tulipoondoka, basi likaanza tena kushika kasi, na hakuna kilicholia. Mbele yetu ulikuwa mlima wa Kitonga. Nikaiweka simu mfukoni, nikainuka kitini, nikaenda mbele kwa dereva.