Springfield Ilipojua Kuhuzunika

Ukisema unataka katuni ya vichekesho irudishe uzito wake, watu wanakutazama kama umekosa kazi. Lakini mimi The Simpsons ilinishika kwa sehemu ambayo nilishindwa kucheka.

Ni ile ya Oktoba 1990. Bart, mtundu wa darasa la nne, anaambiwa huenda akarudia darasa. Anamwomba Mungu siku moja zaidi ya kusoma. Asubuhi theluji inaanguka, shule inafungwa, na wakati mji mzima unacheza nje yeye anajifungia na vitabu. Halafu anafanya mtihani, anafeli. Kwa alama moja! Analia, na mwalimu anashangaa, maana si amezoea kufeli? Bart anamwambia kwamba safari hii alijitahidi kweli. Aliyewahi kupokea matokeo mabaya huku akijua hakuzembea haitaji kufafanuliwa hapo. Mwishoni anaponea chupuchupu, na kicheko unachokipata ni cha mtu aliyetua mzigo.

Februari ya mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Lisa. Ana miaka minane na ana huzuni isiyo na sababu anayoweza kuitaja. Mama yake, Marge, anamfundisha kutabasamu, kama yeye alivyofundishwa na mama yake. Anamshusha shuleni, kisha akiwa ndani ya gari anaona jinsi tabasamu lile linavyowafanya wenzake wamtumie. Anarudi kwa kasi, anamvuta mtoto garini na kumwambia ahuzunike kadiri anavyotaka, wao watakuwa naye mpaka iishe. Mimi nimekulia kwenye “jikaze”. Sikujua kwamba mzazi anaweza kuifuta kauli hiyo.

Sisemi zamani hapakuwa na upuuzi. Mwaka 1994 Homer alirushwa anga za juu, na ilichekesha sana. Lakini chini ya mwaka mmoja baadaye, Januari 1995, tulionyeshwa jinsi alivyoacha kazi ya kupendeza kwenye ukumbi wa bowling na kurudi kumpigia magoti bosi wake wa kiwanda cha nyuklia, kwa sababu mtoto wa tatu alikuwa njiani. Bosi akambandikia kibao cha kumkumbusha kwamba yuko pale milele. Homer akakipamba kwa picha za Maggie, akiziba baadhi ya herufi, na zilizobaki zikamwambia afanye kwa ajili yake, huyo mtoto. Utani na maumivu vilikuwa ukutani pamoja.

Kwangu mambo yaligeuka Mei 1997. Frank Grimes, mtu aliyehangaika maisha yake yote, anakufa kwa hasira za kumwona Homer akifanikiwa bila jasho. Kaburini Homer anasinzia, anaropoka usingizini, na waombolezaji wanacheka. Ni sehemu ya akili nyingi, na wengi wanaitukuza. Ila baada ya hapo naona Homer akizidi kuumiza watu bila yeyote kumdai. Wiki ijayo kila kitu ni kipya, hata ndoa.

Najua utetezi wake: sehemu zaidi ya 750, watoto wasiokua tangu 1989, kipi kimebaki cha kusema? Lakini Desemba 2015 walimkuza Bart mbele ya macho yetu, kutoka utotoni mpaka utu uzima, akiwa na kinyongo cha kuwa kaka wa msichana anayemzidi akili. Kwa hiyo wanaweza. Ndiyo maana nakasirika badala ya kusahau tu.

Wala sidai iwe kila wiki. Nadai mara mojamoja, kama Novemba 1995, Homer alipoagana na mama aliyedhani amekufa miaka mingi. Gari la mama likaondoka. Yeye akaketi juu ya gari lake, usiku, akitazama nyota, na majina ya watengenezaji yakapita yote bila mtu kutia utani.