Baada ya Kipindi cha EK

Mwanafunzi wa rika langu alijua kazi za mikono za aina mbili: ya EK na ya adhabu. Kwa macho hazikutofautiana. Jembe lile lile, jua lile lile, na mwalimu wa zamu amejiegemeza kwenye mwembe ule ule. Elimu ya Kujitegemea (EK) ilipotangazwa mwaka 1967 ilikusudiwa kumwonyesha mtoto kuwa shule ni sehemu ya kijiji chake. Lakini mtoto gani atalipenda shamba ambalo hutumwa pia akichelewa namba? Nimefundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari kuanzia 1982 hadi nilipostaafu 2018, na ninaweza kusema kuwa Vita vya Majimaji havikunisumbua kuvifundisha kama kuwatoa wanafunzi katika fikra hiyo.

Mimi nilikuwa na bahati. Nimezaliwa Usangi, milimani Upare, ambako mbiu ya msaragambo ikilia kila nyumba hutoa mtu, iwe ni kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Halafu Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Upare ukawa miongoni mwa maeneo 6 yaliyotakiwa kufuta ujinga kabla ya 1971 kwisha, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Walimu hawakutosha. Pale kwetu, sisi wa darasa la sita tukaitwa kusaidia kisomo jioni.

Shangazi yangu aliangukia kundi langu. Mchana alinituma kuni, jioni nikamshika kidole kukipitisha juu ya herufi, na kabla ya somo ilinibidi niwaamkie wanafunzi wangu wote shikamoo, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenilipa wala kunipa cheti. Siku shangazi alipoisoma mwenyewe barua ya mumewe, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, alinifukuza ndani: tangu siku hiyo mambo yake na mumewe hayakunihusu tena. Sijawahi kupata shukrani iliyonifurahisha kuliko ile.

Kwa hiyo nilipopangiwa shule moja wilayani Muheza nilidhani itakuwa rahisi. Niliwaambia kidato cha pili wachukue mapanga na majembe twende kufyeka njia ya kisimani, pale kitongojini. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono: "Mwalimu, tumekosa nini?"

Nikamwendea mkuu wa shule na ombi moja. Kazi tutakazofanya nje ya uzio zisitolewe kuwa adhabu, hata kwa mtoro sugu, na asiyetaka kwenda asiulizwe. Alicheka, akakubali. Walikuja wachache sana mwanzoni, na nusu yao, nashuku, walifuata tu ruhusa ya kutoka nje ya geti.

Kilichobadilisha mambo ni mjumbe wa nyumba kumi. Sikutaka kupanga kazi mezani kwangu, nikamwomba aje awaeleze wanafunzi nani ana shida gani. Mzee yule hakuhubiri. Alitaja watu. Wanafunzi wakamhoji, wakakubali mengine, wakakataa mengine. Walikataa, kwa mfano, kwenda kufagia uwanja wa ofisi moja, wakisema ina wahudumu wanaolipwa mshahara. Niliwaunga mkono, na nikaitwa kujieleza.

Miaka ya tisini ndiyo iliyotupima. UKIMWI ulikuwa umeacha bibi na wajukuu katika nyumba nyingi, na majirani walipita mbali. Wanafunzi walikwenda wawiliwawili, hakuna aliyekwenda peke yake, tena kwa idhini ya mzazi. Walichota maji, walipasua kuni, walikaa na wadogo wakati bibi ameenda kliniki. Baba mmoja alinijia amekunja uso: amemleta mtoto asome, hakumleta awachotee watu maji, na je, akiambukizwa? Suala la kuambukizwa nililijibu kwa kumkalisha na mganga wa zahanati. La kusoma nililijibu kwa ratiba: saa moja, Ijumaa, baada ya masomo, na wiki za mitihani hapana. Lile la heshima ya mwanawe sikulijibu. Alikuja kulijibu mtoto mwenyewe nyumbani, kwa namna ambayo hadi leo sijaambiwa.

Baadaye shida zilibadilika. Huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, wazee wakaanza kutumiwa fedha na watoto walioko mijini, na kijana wa kidato cha tatu akawa mtu wa maana kuliko barua zetu zote za zamani. Hapo tuliweka sharti kali: msomee ujumbe, mwonyeshe hatua, lakini namba ya siri aibonyeze mwenyewe na wewe tazama pembeni. Asiyeweza tumrudishe kwa ndugu yake. Kijana mwema akikabidhiwa siri ya fedha za mtu, tunamwonea yeye na mzee pia.

Nilichochoka nacho ni maonyesho. Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, tuliletewa fulana, mgeni rasmi na miche. Muheza masika huwa yanaishia hapo. Mche unaopandwa Juni unahitaji mtu wa kuumwagilia kiangazi kizima, na mgeni rasmi haji na ndoo. Nilishauri tupande Machi. Nikaambiwa Machi hakuna bajeti.

Miaka ya mwisho ofisini kwetu walikuwapo walimu vijana, wahitimu wa vyuo vikuu, waliofundisha bila mshahara wakisubiri ajira za serikali. Tuliwaita walimu wa kujitolea. Siku moja nikihamasisha kidato cha kwanza wajiunge na kazi zetu za Ijumaa, kijana akauliza, bila utani: "Kujitolea si kwa wale waliokosa ajira?" Darasa likageuka kumtazama mwalimu wao wa hisabati, aliyekuwa akipita dirishani.

Nilimjibu kuwa saa yake moja ya Ijumaa ni zawadi anayoweza kuinyima, na kwamba anayefanya kazi kutwa nzima, mwezi mzima, kwa sababu hana pengine pa kwenda, huyo anadai. Halafu nikaona jibu hilo haliwezi kubaki darasani. Kwenye kikao cha wazazi niliomba tuwachangie walimu wale. Mabishano yalikwenda hadi adhuhuri, wengine wakisema hilo ni jukumu la serikali, na walikuwa sahihi. Mwishowe walikubali kiasi kidogo, nauli na chakula cha mchana, kilipwe kila mwisho wa mwezi.