Usiku wa Kungoja: Kutoka Mulago hadi Entebbe

Kilima cha Mulago hakilali. Hospitali iliyoanzishwa hapo mwaka 1913, ikapata majengo yake makubwa mwaka 1962, huwaka taa usiku kucha, na chini ya mteremko wauza chai na chapati hukesha pamoja na jamaa za wagonjwa. Mtu wa Mulago amezoea kungoja. Nadhani ndiyo sababu jirani yangu, koplo mstaafu wa polisi ambaye sote humwita Afande, hakunung'unika usiku ule.

Alikuwa akimsindikiza mkewe, aliyekwenda Ulaya kumhudumia binti yao katika uzazi wake wa kwanza. Walishika barabara ya kaskazini hadi Busega, kisha ile ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018, wakafika Entebbe jua lingali juu. Ndege, mali ya shirika moja la Ulaya, ilikuwa iondoke saa tano usiku. Iliondoka saa tatu asubuhi. Abiria waliambiwa mashine imeharibika, wakapewa soda moja moja. Mama alipofika, mjukuu alikwisha zaliwa.

Nilimwuliza Afande kama walidai chochote.

"Tudai nini, mwalimu? Ndege si taksi, huwezi kushuka ukapanda nyingine."

Kumbe kipo cha kudai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 humpa abiria aliyekwama chakula, na hoteli ikibidi alale. Tena mwaka 2009 mahakama yao iliamua kwamba anayefika amechelewa saa 3 au zaidi aweza kustahili fidia kama yule aliyefutiwa safari. Kwa mwendo unaozidi kilomita 3,500, kama huu wetu, ucheleweshaji wa saa 4 au zaidi ni yuro 600. Dhoruba ni udhuru. Ubovu wa kawaida wa mashine si udhuru, mahakama hiyo ilikwisha sema mwaka 2008.

Linalowachanganya watu ni bendera ya ndege na upande inakoelekea. Shirika la Ulaya hufungwa na sheria hiyo hata likitoka Entebbe kwenda kwao. Shirika lisilo la huko hufungwa nayo linapoondoka Ulaya tu. Uingereza nayo ina sheria ya namna hiyo hiyo. Basi abiria wa Uganda Airlines, iliyoanza safari za London Gatwick Mei 2025, ana haki hiyo akirudi nyumbani, lakini wakati wa kwenda hana. Mimi sioni uadilifu hapo. Uchovu wa kwenda na wa kurudi ni ule ule. Anayekwenda amebakiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaomtaka athibitishe hasara yake, risiti kwa risiti, na kufungua kesi kabla miaka 2 haijapita.

Nikamwomba Afande tikiti na kile kipande cha kupandia ndege. Mama, aliyekwisha rudi, akacheka kwa haya: alikuwa amewashia sigiri. Tukapekua mkoba, tukapekua kabati. Hatimaye mjukuu mwingine, wa darasa la tano, alipanda juu ya kiti akashusha sanduku lililokuwa juu ya kabati. Kwenye mkono wake karatasi ya mizigo ilikuwa ingali imenata, ina namba ya ndege na tarehe. Afande akavaa miwani, akanipa kalamu.