Milima Iliyoongoza Vyombo vya Tanga

Aprili 1498, moja ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda fungu mbele ya pwani ya Mtangata, kusini mwa Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena. Mwandishi wa safari ile alisifu milima mirefu na mizuri iliyoonekana upande wa bara, akaeleza kwamba waliipa jina la meli yao, na fungu nalo likaitwa hivyohivyo. Januari iliyofuata Wareno walirudi mabaharia wakiwa wamepungua, wakaichoma São Rafael papo hapo.

Milima ile ni Usambara.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alilelewa Kigombe, jirani na fungu hilo, na milima hiyo aliijua kutoka ndani ya ngalawa kabla hajaiona kwenye ramani ya shule. Babu yake mvuvi alimfundisha kuanzia Mlinga, kilele chenye mita 1,069 upande wa Muheza. Mlinga ukikaa sawasawa juu ya mbuyu wa ufukweni, hapo kuna mstari mmoja. Kisha unageuza uso kusini, unatafuta alama mbili nyingine zinazopangana. Mistari miwili inapokatana ndipo penye mwamba wa samaki. "Alama moja itakudanganya, mjukuu wangu," babu alikuwa akisema, "tafuta na mwenzake." Mvulana alijibu "Ndiyo, babu," akatazama tena mpaka akaona.

Elimu hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake, ingawa hakuna aliyeiandika. Kutoka usawa wa bahari, kilele cha mita 1,000 huweza kuonekana hata kilomita 110 hewa ikiwa safi, ilhali mnazi huzama upeoni mapema sana. Ndiyo maana mlima ulikuwa alama ya mbali na mti alama ya karibu. Siku ya ukungu, au kusi linapoleta mvua, mlima hufichika na mvuvi hubaki na dira, rangi ya maji na upande linakotoka wimbi.

Halafu alama zenyewe zilianza kubadilika. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje iliyoonekana kutoka mbali, na kasa walitaga mayai kwenye mchanga wake. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwenda na maji, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa bamvua likijaa. Wavuvi waliokuwa wakilenga mivinje ile walilazimika kutafuta alama nyingine. Baadaye ikaja minara ya simu, na taa zake nyekundu zikawa msaada mkubwa kwa anayerudi usiku.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka angani. Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kosa la karibu mita 100 likashuka hadi mita chache. Februari mwaka huohuo chombo cha anga cha Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu duniani. Ukiunganisha mambo hayo mawili na dira ya kielektroniki, mashine inajua imesimama wapi, inatazama upande gani, na mlima upi lazima uwe mbele yake. Programu za simu zikaanza kutaja vilele. Mwanzoni mwa 2024, kampuni ya Unistellar ya Ufaransa ikatangaza Envision, darubini ya macho mawili inayoandika jina la kilele juu ya kilele chenyewe.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi anaikaribisha darubini hiyo kwa moyo wote. Mvuvi kijana aliyepotezwa na ukungu anastahili kila msaada, na mgeni atakayeelekeza darubini hiyo Usambara atajifunza jina la Mlinga kwa dakika moja. Lakini ujuzi wa darubini hiyo una mipaka. Haijui mbuyu upi hupangana na Mlinga, wala mlango upi kati ya miamba hupitika maji yakiwa yametoka nusu. Maarifa hayo bado yamo vichwani mwa wazee wa Kigombe, Tongoni na Ushongo.

Nayo huweza kuhifadhiwa kwa chombo ambacho vijana wengi wanacho tayari. Mzee akae omoni na kuonyesha alama. Kijana apige picha ya kila jozi, arekodi maelezo kwa sauti ya mzee na ahifadhi nukta ya GPS ya mahali walipo. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari viko vijijini. Viamue vyenyewe ni nukta zipi za kuwafundisha wote na zipi zibaki siri ya wenye mwamba. Kazi hiyo ianze kaskazi ijayo, kwa milango ya kupitia miamba kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inayookoa watu.